Tumchague Fundi Gani?

Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vinavyojenga nyumba za wanachama.



Sisi wa vikundi tunajenga kwa pesa za mchango. Zikipotea, hakuna nyingine. Na nyumba mbaya hula pesa hata ikiisha kujengwa: mchana joto, usiku baridi, jikoni moshi, na kuni hazitoshi. Basi tusimchague fundi kwa bei ya chini peke yake. Rahisi huwa ghali. Tumuulize maswali.

Kwanza, nyumba itatazama wapi? Kuta ndefu zenye madirisha zielekee kaskazini na kusini. Kuta fupi ndizo zipokee jua kali la asubuhi na la jioni. Fundi asiyejua haya atafuata barabara tu.

Pili, ukuta utakuwa wa nini? Matofali ya kuchoma hula miti mingi. Matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine na saruji kidogo hayachomwi. Lakini lazima yafunikwe na kumwagiliwa maji siku 7, kisha yangoje mpaka wiki 4. Akisema, "Kesho tunajenga," mwambieni kwaheri. Na udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi haufai.

Tatu, chini ya mabati kutakuwa na silingi? Silingi huzuia joto la mchana lisishuke, na usiku huzuia lisitoke. Madirisha je, yatatazamana ili hewa ipite? Na moshi wa jikoni utatokea wapi?

Majibu ya mdomo hayatoshi. Twendeni tuone nyumba yake iliyopigwa na mvua misimu miwili. Twende saa saba mchana, tuingie ndani, tumuulize mwenye nyumba. Tuulize pia kama fundi ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, yaani NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011.

Mwisho, tuandike. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tulipe kwa hatua: msingi, lenta, paa. Sehemu moja ya kumi ibaki kwa mweka hazina mpaka mvua ya kwanza ipite, tuone kama paa linavuja. Fundi na mwenyekiti watie sahihi kabla ya kuchimba msingi. Na kama fundi ni jamaa ya mwanachama, mkataba ni ule ule. Hapo ndipo vikundi huvunjika.

Sasa tusikie maswali yenu.