Visiwa vya Ziwa Baringo: Nani Atatunza Masimulizi?
Mada ya semina, Pioneer, Eldoret



Ratiba inanitaka nianze kwa fasili. Fasihi simulizi, walimu, mnaifundisha kila muhula, na kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji. Tusonge mbele.

Visiwa vya Baringo ni vya volkano. Kikubwa ni Kokwa, Ol Kokwe ya kwenye ramani, chenye chemchemi za maji moto hadi leo. Wenyeji, Ilchamus, husema Kimaa. Ni wavuvi na wafugaji, na tangu zamani huvuka ziwa kwa vidau vyepesi vya miti iotayo majini. Karne ya 19 misafara ya biashara kutoka pwani ilijipatia nafaka katika mashamba yao ya kumwagilia huko Njemps, kusini mwa ziwa. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alifika mwaka 1883 na kuandika aliyoyaona.

Yaliyoandikwa hayaninyimi usingizi; yanayoninyima ni yale yanayosimuliwa tu, kwa sababu mbili. Mtalii akipanda mashua pale Kampi ya Samaki huonyeshwa kisiwa kiitwacho cha Shetani, akaambiwa usiku huonekana moto na kusikika vilio. Kisa kitamu, na sina ugomvi na vijana wa mashua. Ndio ugali wao. Lakini mzee anaposimulia hunyoosha kidole: ni pale, kwenye jiwe lile, chini ya mti ule. Tangu miaka ya mwanzo ya 2010 ziwa limefura, likameza makazi, shule na zahanati, na pamoja navyo mahali ambapo kidole kilielekea. Longicharo, iliyokuwa rasi, ikawa kisiwa, na twiga waliopelekwa huko mwaka 2011 wakazingirwa. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 walivushwa kwa tishari, kamera za dunia zikiwafuata. Nilifurahi walipookolewa. Masimulizi hayajaletewa tishari.

Sababu ya pili naisema kwa tahadhari, maana wakuu wa taasisi wamo ukumbini. Watafiti huja na vinasa sauti, hurekodi kwa Kimaa, huchapisha kwa Kiingereza, na kilichorekodiwa hakirudi ng'ambo ile ya maji. Nimeandika barua za kuuliza. Hujibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Linashughulikiwa na nani? Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imezipa kaunti jukumu la kuyasajili. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliwatambua Ilchamus kuwa jamii ya wachache yenye haki ya kuwakilishwa. Kisingizio cha sheria, basi, hakipo.

Napendekeza, kwa heshima zote: kwanza, wazee warekodiwe wakiwa ndani ya mashua, juu ya mahali panaposimuliwa, si hotelini. Pili, nakala iachwe kisiwani, kwa Kimaa. Tatu, kila mahali palipozama pawekwe kwenye ramani kwa jina walilopaita wenyeji. Nne, kaunti ifungue rejista yake, na iwe ya kusomeka. Tano, vijana wa mashua wafunzwe na wazee, walipwe kwa siku za mafunzo. Sita, chuo kisimpe mtafiti kibali kipya kabla hajarudisha alichochukua awali. Najua pendekezo hili litapelekwa kwenye kamati. Saba, tafsiri ya Kiswahili ifuate, ili walimu wa Eldoret nao wapate cha kufundishia. La nane ni lile la pili, na nalirudia makusudi: nakala iachwe kisiwani, shuleni, mahali ambapo mtoto anaweza kuomba aisikilize.