Mlima Hauteremkwi kwa Breki

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa madereva na utingo wa malori, Kariakoo, Dar es Salaam)



Kabichi, karoti na viazi tunavyonunua hapa Kariakoo, baadhi vimetoka Lushoto, katika milima ya Usambara. Mnunuzi huuliza bei. Haulizi lori limeteremkaje. Leo tuzungumze hilo.

Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo, chini ya mlima, ni kama mita 400. Basi lori lenye shehena hushuka mita 1,000 hivi katika mwendo wa kilometa 33 tu. Hapo ni lami. Lakini mboga nyingi hutoka juu zaidi, upande wa Shume na Mtae. Huko kuna misitu, na njia nyingi ni za udongo. Penye kivuli cha miti njia haikauki upesi. Mvua ya jana, utelezi wa leo.

Sasa sikilizeni. Kwanza, breki ikikanyagwa mfululizo hupata moto. Ikipata moto sana, haishiki tena. Kwa hiyo teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Iingize kabla ya kuanza mteremko, si katikati. Injini yenyewe italizuia gari, na breki utaikuta nzima kwenye kona. Wako wanaotoa gia ati waokoe mafuta. Jamani! Lita moja ya mafuta ni sawa na roho ya mtu?

Pili, kwenye kona piga honi. Mpishe anayepanda na mzigo, maana akisimama, kuondoka tena ni kazi. Penye ukungu washa taa za chini. Taa kubwa hupiga ukungu, mwanga ukakurudia machoni.

Tatu, utingo, gari likisimama mlimani weka kabari mara moja. Tena msipakie watu juu ya mzigo. Lori likipinduka, magunia huwaangukia.

Nanyi wakulima mtakaosoma haya gazetini, zibueni mitaro ili maji yasile barabara. Msimhimize dereva aondoke mvua ikinyesha, ati awahi soko. Kabichi ikichelewa, itauzwa kesho kwa bei ndogo. Dereva akifa, watoto wake watamnunua wapi mwingine?