Maji ya Motokaa Yanakwenda Wapi?

Mwalimu wa darasa, tafadhali angalia kama kila mtu ana daftari na kalamu. Leo tutasoma habari za motokaa kuukuu inayopoteza maji. Huenda wewe huna motokaa. Lakini baadhi yenu ni madereva, utingo au mafundi, na wengine husafiri kila wiki. Somo hili ni lenu nyote.

Kwanza andika maneno manne. Nitayasema polepole. Re-je-ta. Hi-ta. Ki-ba-no. M-pi-ra. Yasome kwa sauti, darasa zima. Vema.

Sasa sikiliza. Injini ikifanya kazi hupata moto mwingi. Maji huzunguka ndani yake, huchukua moto ule, na kuupeleka kwenye rejeta kubwa iliyo mbele. Hapo upepo huyapoza, nayo hurudi kwenye injini.

Lakini motokaa nyingi zina rejeta ya pili. Hii ni ndogo, kama kitabu kinene, nayo imefichwa nyuma ya dashibodi. Mipira miwili hutoka kwenye injini na kuungana nayo. Mmoja huleta maji ya moto, wa pili huyarudisha. Feni hupuliza upepo katikati yake, na upepo ule wenye joto huingia kwa abiria. Hiyo ndiyo hita.

Mtu wa Tanga atasema, "Mimi hita ya nini?" Basi mwulize mtu wa Njombe au wa Limuru, asubuhi ya mwezi wa Julai. Atakuambia kwamba hita haipashi miguu joto tu. Inaondoa ukungu kwenye kioo cha mbele, na dereva aone njia. Hata wewe wa Tanga usiisahau. Katika motokaa nyingi maji hupita humo daima, hata kama hujaifungua.

Sasa tumfikirie dereva mmoja. Asubuhi anaona maji yamepungua. Anaongeza nusu lita. Kesho yake anaongeza nusu lita tena. Chini ya motokaa hakuna hata tone. Anasema, "Motokaa kuukuu hunywa maji." La, ndugu yangu. Motokaa hainywi maji. Maji yakipungua, yako mahali yalikokwenda.

Fanya hesabu hii katika daftari. Nusu lita kila siku, kwa siku 6. Jumla ni ngapi? Ndiyo, lita 3. Siku ya 7 dereva yetu ana haraka, anasahau kuongeza. Akifika katikati ya mlima injini inachemka. Kichwa cha injini kinapinda, gasketi inaungua. Kazi ya rejeta ndogo imegeuka kazi ya injini nzima, na abiria wako njiani na mizigo yao.

Je, angejuaje mapema? Ziko dalili nne. Ya kwanza, zulia la upande wa abiria limelowa. Ya pili, kuna harufu tamu ndani. Ya tatu, kioo cha mbele kina utando wa mafuta, ukiupangusa unarudi. Ya nne, maji yanapungua bila kudondoka nje.

Lakini usikate shauri upesi. Kama motokaa ina kiyoyozi, nacho hutoa maji, na pengine hulowesha zulia. Chukua karatasi nyeupe uibonyeze pale. Maji ya kiyoyozi hayana rangi wala utelezi. Maji yenye dawa ya rejeta huwa na rangi, kama kijani au nyekundu, nayo huteleza vidoleni. Usiyaonje kamwe! Dawa nyingi za rejeta ni sumu, na utamu wake huwavuta watoto na mbwa. Kiasi kidogo tu kinaweza kumwua mtoto. Usiyaache katika karai uani, wala usiyatie katika chupa ya soda.

Tena, kabla ya kugusa dashibodi, tazama ile mipira miwili. Huenda kibano kimelegea tu. Kukikaza ni kazi ya dakika tano.

Kama rejeta ya hita imetoboka kweli, kazi huendeshwa hivi.

1. Acha injini ipoe kabisa. Maji yaliyofungwa kwa mfuniko yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua yangali na moto, yataruka na kukuunguza uso.

2. Toa waya wa betri wenye alama ya kutoa. Kama motokaa ina mifuko ya hewa ya kuokoa watu, mwachie fundi anayeijua. Mfuko ule ukifumka karibu nawe, utakuumiza.

3. Kinga maji kwa karai. Funga karatasi kwenye kila mpira: andika A kwenye wa kwanza, B kwenye wa pili. Mpira mkuukuu hushikamana na bomba. Usiuvute kwa nguvu, maana bomba ni laini, litapinda. Kama utatia mpya, upasue kwa kisu.

4. Ingia ndani. Katika motokaa nyingine utaondoa kifuniko karibu na miguu tu. Katika nyingine dashibodi nzima hutoka, nayo ni kazi ya siku nzima au zaidi. Kila ukitoa skrubu, zitie katika bahasha na uandike juu yake mahali zilipotoka. Fundi asiyeandika hubaki na skrubu mkononi kazi ikiisha.

5. Linganisha rejeta mpya na ile ya zamani: urefu, upana, na mabomba yake. Ile ya shaba fundi wa rejeta anaweza kuichomea kwa risasi. Ile ya alumini ni afadhali kununua nyingine.

6. Ijaribu kabla ya kuirudisha. Ziba bomba moja, izamishe katika ndoo, na katika bomba la pili tia upepo kidogo kwa pampu ya baiskeli. Ukiona mapovu, bado inavuja.

7. Rudisha kila kitu, tia vibano vipya, jaza maji na dawa. Fungua hita mpaka mwisho, uwashe injini, hewa itoke. Injini ikipoa, tazama tena, uongeze yaliyopungua.

Na kama leo huna fedha? Fundi anaweza kuiunganisha mipira miwili kwa kipande cha bomba na vibano, maji yasipite tena katika hita. Injini itaokoka. Lakini ukungu hautaondoka kwenye kioo, kwa hiyo anayeendesha milimani asiache hivyo muda mrefu. Wako watu wanaotia yai au pilipili manga katika rejeta. Usifanye hivyo. Vitu hivyo huziba tundu lile, halafu huziba na njia nyingine za maji.

Sasa nitakuambia kwa nini nimeleta somo hili katika darasa la kusoma. Yule dereva hakukosa spana. Alikosa daftari. Angeandika kila asubuhi tarehe na kiasi alichoongeza, siku ya 3 angeona kwamba maji yanakwenda mahali. Kichwa husahau. Karatasi haisahau.

Jibu maswali haya kwa kuandika:

1. Rejeta ya hita imekaa wapi?
2. Kwa nini maji ya rejeta hayaonjwi?
3. Ukiongeza robo lita kila siku kwa siku 8, umeongeza lita ngapi?
4. Tafuta dereva mmoja. Mwulize motokaa yake iliongezwa maji lini mara ya mwisho. Andika jibu lake.

Mwalimu atasahihisha. Kwaherini, tutakutana katika somo lijalo.