Makambi Yaandike Orodha ya Pili

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 nchini Kenya yaliua zaidi ya watu 200 na kuziacha familia nyingi bila makao. Shule kadhaa ziligeuzwa makazi ya muda. Familia zinapofika mahali kama hapo huulizwa kwanza: mmekosa nini? Blanketi, unga, sabuni. Swali hilo ni la haki, kwani njaa haingoji. Kasoro ni kuishia hapo.

Mwaka 1993, John Kretzmann na John McKnight wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walichapisha kitabu kilichosisitiza kwamba jamii hujengwa kwa kuanzia na uwezo wa watu wake, si upungufu wao. Kambini, maana yake ni kuandika orodha ya pili: nani mwashi, nani muuguzi, nani mwalimu, nani alikuwa mweka hazina wa chama. Huyo mweka hazina anaweza kusimamia ghala la chakula, naye mwalimu akawakusanya watoto asubuhi. Maji yamechukua nyumba, ujuzi umebaki.

Hata hivyo, ujuzi huo usiwe kisingizio cha serikali kukwepa wajibu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinatambua haki ya kila mtu kupata makazi ya kufaa. Wasimamizi wa makambi, andikeni orodha zote mbili, na kamati za wakazi zipewe kauli kuhusu jinsi misaada inavyogawanywa.