Sauti ya Watu Wenye Ulemavu katika Sera za Majimbo ya Marekani: Uwakilishi, Fedha na Mamlaka ya Kuamua

Sera zinazogusa maisha ya kila siku ya mtu mwenye ulemavu nchini Marekani huamuliwa kwa sehemu kubwa katika majimbo. Serikali ya shirikisho hutoa sehemu ya fedha na kuweka masharti ya jumla, lakini ni jimbo, likiwa na gavana wake, bunge lake na idara zake, linaloamua ni nani atakayelipiwa msaidizi wa kumwamsha, kumwogesha na kumvalisha kila asubuhi, na ni nani atakayeambiwa kwamba msaada huo ataupata akikubali tu kuhamia katika taasisi, yaani makazi ya pamoja ambako mtu hula, hulala na kupokea wageni kwa ratiba asiyoipanga yeye. Kwa hiyo neno sauti, kama linavyotumika katika makala haya, halimaanishi ruhusa ya kuzungumza kwa dakika chache mbele ya kamati ambayo imekwisha kuamua, bali sehemu ya mamlaka juu ya uamuzi wenyewe, na hasa juu ya fedha.

Medicaid, mpango wa bima ya afya ya umma ulioanzishwa mwaka 1965 na unaogharimiwa kwa pamoja na shirikisho na majimbo, unaonyesha jambo hili waziwazi. Sheria hulilazimisha kila jimbo kulipia matunzo katika nyumba za uuguzi kwa wanaostahili, ilhali huduma nyingi za nyumbani zimeachwa ziwe hiari. Tangu mwaka 1981 jimbo limeweza kuomba ruhusa maalumu ya kutumia fedha hizo kumhudumia mtu akiwa nyumbani kwake, lakini jimbo hilohilo huruhusiwa kuweka kikomo cha idadi ya wanufaika, na wanaobaki nje ya kikomo husubiri kwenye orodha, baadhi yao kwa miaka mingi. Kikomo hicho hutokana na bajeti, na bajeti hupitishwa na bunge la jimbo. Mtu asiyefika mahali idadi hiyo inapojadiliwa anaweza kusikilizwa kwa heshima katika kila kikao kingine na bado akaishia katika taasisi.

Historia ya California inathibitisha kwamba mambo hayakuhitaji kuwa hivyo. Ed Roberts, aliyepooza kwa polio mwaka 1953 akiwa na umri wa miaka 14 na ambaye tangu hapo alihitaji mashine ya kumsaidia kupumua, alinyimwa kwanza msaada wa masomo na idara ya utengamao ya jimbo, yaani idara yenye wajibu wa kumwandaa mtu mwenye ulemavu kwa kazi, kwa hoja kwamba ulemavu wake ulizidi kiasi cha kumwezesha kuajiriwa. Aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1962. Alikuwa miongoni mwa waliokijenga kituo cha kwanza cha maisha ya kujitegemea, kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1972. Na katikati ya miaka ya 1970 Gavana Jerry Brown alimteua kuiongoza idara ileile iliyokuwa imemkataa, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1983. Uzito wa uteuzi huo haukuwa katika heshima aliyopewa mtu mmoja. Chini ya uongozi wake California ilieneza vituo vya maisha ya kujitegemea, ambavyo huendeshwa na wenye ulemavu wenyewe, kwa sababu aliyekuwa akigawa fedha alijua kutokana na maisha yake zilipohitajika.

Hata hivyo jimbo haliwezi kutegemea uteuzi wa bahati, na ndiyo maana sheria za shirikisho zimeweka mabaraza. Kila jimbo lina baraza la ulemavu wa ukuaji, yaani ulemavu mkubwa wa mwili au wa akili unaoanza kabla ya utu uzima na kudumu maishani, na sheria ya mwaka 2000 inataka angalau asilimia 60 ya wajumbe wake wawe watu wenye ulemavu huo au wazazi, ndugu na walezi wao. Hapa pana jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kati ya wajumbe hao, theluthi moja tu ndiyo iliyotengewa wenye ulemavu wenyewe. Theluthi nyingine ni ya familia na walezi, na iliyobaki huchanganya makundi hayo mawili. Baraza linaweza basi kutimiza sheria kikamilifu huku wenye ulemavu wakizidi kidogo tu mjumbe mmoja katika kila watano. Wazazi wamepigania mengi, na shule nyingi zisingefunguliwa milango bila wao. Lakini mzazi anayetafuta usalama wa mwanawe na mtu mzima anayetaka kuishi peke yake, kuoa au kuajiriwa hawaombi kitu kimoja, na inapotokea wakatofautiana, sera inapaswa kumfuata yule ambaye maisha ni yake. Hilo ndilo lililodaiwa huko Oregon mwaka 1974, pale watu wenye ulemavu wa akili, baadhi yao wakiwa wametoka katika taasisi kubwa ya Fairview mjini Salem, walipoanzisha chama chao wenyewe, People First, wakakutana na kujadili mambo yao bila kusemewa. Taasisi ya Fairview ilifungwa mwaka 2000.

Kumpa mtu ujumbe wa baraza bila kumpa uwezo wa kuutumia ni kumnyamazisha kwa njia nyingine. Mjumbe kiziwi asiye na mkalimani wa lugha ya alama, asiyeona aliyeletewa makabrasha yasiyo ya nukta nundu, au mwenye ulemavu wa akili aliyewekewa mezani kurasa za lugha ya kisheria, huhesabiwa katika akidi na kusahauliwa katika mjadala. Minnesota ililitambua hili mwaka 1987, baraza lake lilipoanzisha Partners in Policymaking, mafunzo yanayowakutanisha watu wazima wenye ulemavu na wazazi wa watoto wadogo wenye ulemavu katika vikao vinane vya siku mbili mbili. Hujifunza historia ya harakati, jinsi muswada unavyopita bungeni, na namna ya kutoa ushahidi mbele ya kamati, kisha hukutana na watunga sera wenyewe. Mpango huo umeigwa katika majimbo mengi na nje ya Marekani, na unastahili.

Pale ambapo meza ya sera ilifungwa, mahakama ililazimika kufungua mlango. Wanawake wawili wa Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson, waliendelea kuwekwa hospitalini ingawa waganga wao walikubali kwamba wangeweza kuhudumiwa nje, katika jamii. Tarehe 22 Juni 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Olmstead, kwamba kumtenga mtu katika taasisi bila sababu ya haki ni ubaguzi unaokatazwa na sheria ya mwaka 1990 ya haki za Wamarekani wenye ulemavu. Majimbo kadhaa yalilazimika baadaye kuandika mipango ya kuwarejesha watu katika jamii. Ushindi huo ni mkubwa, ila kesi huchukua miaka, na anayeisubiri huisubiri akiwa ndani.

Mfano ulio karibu zaidi na mamlaka kamili ni wa mabaraza ya maisha ya kujitegemea yaliyowekwa kisheria mwaka 1992. Wengi wa wajumbe wake lazima wawe watu wenye ulemavu wasioajiriwa na jimbo wala na vituo vyenyewe, na mpango wa miaka 3 unaoelekeza fedha za huduma hizo hauwezi kuwasilishwa bila saini ya mwenyekiti kwa niaba ya baraza na za angalau asilimia 51 ya wakurugenzi wa vituo. Fedha zenyewe si nyingi zikilinganishwa na za Medicaid, na hilo ndilo pungufu lake: saini imetolewa mahali penye pesa kidogo.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana silaha ambayo Mmarekani hana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao katika ibara yake ya 4 huzitaka serikali kushauriana kwa karibu na watu hao kupitia vyama vyao, uliridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, wakati Seneti ya Marekani iliukataa Desemba 2012. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaongeza lengo kwamba angalau asilimia 5 ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu, na inawatengea nafasi katika mabunge ya kaunti. Kaunti na halmashauri zina wajibu basi wa kuwapa wajumbe hao mkalimani, msaidizi, makabrasha wanayoweza kuyasoma, na nafasi katika kamati za bajeti, na vyama vya watu wenye ulemavu vidai hayo kabla makadirio ya mwaka ujao hayajapitishwa.