Karatasi Moja Mezani: Kanuni za Kuhesabu na Kuthibitisha Kura Kituoni nchini Kenya

Mada kwa semina ya mawakala wa vyama na makarani wa uchaguzi

Utangulizi

Saa kumi na moja jioni ikitimia, kituo cha kupigia kura nchini Kenya hufungwa, ila kwa waliokwisha kupanga foleni. Hao hupiga kura hadi wa mwisho wao. Kisha darasa lilelile la shule ya msingi hugeuka chumba cha kuhesabia. Madawati husukumwa ukutani, meza huunganishwa katikati, na taa huwashwa. Karani ameamka usiku wa manane. Wakala ameketi kwenye kiti kigumu tangu alfajiri, na chakula chake cha mchana kilikuwa mkate na soda.

Katika uchovu huo ndipo kazi nyeti kuliko zote huanza. Hoja ya mada hii ni moja: kura nyingi hazipotei kwa wizi mkubwa. Hupotea karatasi mojamoja, pale msimamizi wa kituo anapoikataa kura halali kwa kutojua kanuni, na wakala naye ananyamaza kwa kutoijua.

Kabla ya sanduku kufunguliwa

Hesabu ya kwanza si ya kura za wagombea, ni ya karatasi. Msimamizi huandika idadi ya karatasi alizopokea, zilizotolewa kwa wapiga kura, zilizoharibika na zilizobaki bila kutumika. Wakala makini huandika tarakimu hizo kwenye daftari lake, pamoja na namba za lakiri za kila sanduku. Zikilingana na zilizoandikwa asubuhi, kazi inaendelea. Zisipolingana, huo ndio wakati wa kuuliza, kabla lakiri haijakatwa.

Kura za urais huhesabiwa kwanza. Msimamizi hutoa karatasi, huikunjua, hutaja jina la aliyechaguliwa, kisha huwaonyesha mawakala alama yenyewe kabla ya kuiweka kwenye fungu la mgombea huyo. Mwendo ni wa polepole, na umewekwa hivyo makusudi. Anayetaja jina huku karatasi imelala kifudifudi amevunja kanuni, hata kama alichotaja ni kweli.

Kuharibika si kukataliwa

Maneno haya mawili huchanganywa hata na watu wazoefu. Kura iliyoharibika haikuingia sandukuni kamwe: mpiga kura alikosea, akairudisha kwa msimamizi, akapewa karatasi nyingine. Kura iliyokataliwa imetoka sandukuni na kuonekana haifai.

Kanuni za uchaguzi za mwaka 2012 zinataja sababu za kukataa. Karatasi haina alama za usalama za Tume ya Uchaguzi. Imewekwa alama kwa zaidi ya mgombea mmoja. Imeandikwa kitu kinachofanya isijulikane imempigia nani. Namba yake ya mfululizo si ya kituo hicho, wala haithibitiki kwenye vishina vya vitabu vya kura. Au haina alama yoyote.

Baada ya sababu hizo kuna kifungu ambacho wengi hawakifiki. Kura haikataliwi kwa sababu tu alama iko nje ya mahali pake, au alama ni zaidi ya moja, maadamu nia ya mpiga kura iko wazi na alama haimtambulishi ni nani. Bibi aliyeweka alama ya vema kwenye picha ya mgombea badala ya kisanduku, amepiga kura. Kijana aliyeweka alama ya mkasi mara mbili kwa mgombea yuleyule, amepiga kura. Aliyeandika jina lake kamili na namba ya kitambulisho amejitambulisha. Hiyo ni habari nyingine.

Msimamizi akikataa kura, huiandika kwamba imekataliwa. Wakala akipinga, pingamizi hilo nalo huandikwa juu ya karatasi. Pingamizi la mdomo lisiloandikwa halimsaidii mtu yeyote mahakamani.

Uzito wa karatasi moja

Katika uchaguzi wa urais wa mwaka 2013 kura zilizokataliwa zilikuwa 108,975. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, hesabu iliyojumuisha kura hizo. Mahakama ya Juu iliamua kwamba kura zilizokataliwa hazimo katika hesabu ya asilimia, na zikiondolewa fungu lake linafika takriban asilimia 50.5.

Katika uchaguzi wa urais wa mwaka 2022 kulikuwa na vituo 46,229. William Ruto alipata kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930. Ruto aliivuka nusu ya kura halali, inayotakiwa kwa ushindi, kwa kura zisizofika 70,000. Karatasi mbili zikikosewa katika kila kituo, idadi inapita 92,000.

Fomu 34A

Hesabu ikikamilika, mgombea au wakala anaweza kudai kura zihesabiwe upya, lakini si zaidi ya mara mbili. Kisha Fomu 34A, ya matokeo ya urais ya kituo, hujazwa na kutiwa saini, mawakala hupewa nakala, na nyingine hubandikwa mlangoni. Wakala akikataa kutia saini, matokeo hayabatiliki kwa hilo pekee.

Juni 2017, katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai, Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba matokeo ya kituoni ni ya mwisho, hayarekebishwi na ofisi ya juu. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais, na dosari katika utumaji wa matokeo na katika fomu zilikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2022 Tume iliweka picha za Fomu 34A kwenye tovuti yake, kila mwananchi azijumlishe mwenyewe.

Mapendekezo

Vyama viwafunze mawakala kwa karatasi za mfano, kwani hotuba pekee hazitoshi. Chakula na zamu ya usiku vipangwe mapema, ili wakala awe macho kwenye kura ya mwisho kama kwenye kura ya kwanza. Kila wakala apige picha ya fomu iliyobandikwa mlangoni kabla ya kuondoka.

Baada ya mapumziko, washiriki watakaa makundi ya watu watano. Kila kundi litapewa karatasi ishirini zilizowekwa alama kwa namna mbalimbali, lizipange mafungu mawili, halali na za kukataliwa, na liandike kifungu cha kanuni kando ya kila moja inayokataliwa.