Ile Ndege ni ya Nani?



Wahitimu wa kidato cha sita, wengi wenu mnakwenda JKT, na wapo wanaotamani kubaki jeshini. Nataka niwaambie habari za gari moja la vita. Linaitwa Kub. Lilitengenezwa na Wasovieti, linatembea kwa minyororo kama kifaru, na mgongoni limebeba makombora 3 ya kutungulia ndege, kila moja lina kilo 600 hivi. Oktoba 1973 Wamisri na Wasyria walilitumia, marubani wa Israeli wakajikuta wanaanguka bila vyombo vyao kuwaonya. Mwaka 1995 likaiangusha F-16 ya Marekani huko Bosnia.

Gari hilo peke yake ni kipofu. Magari 4 ya makombora husubiri gari 1 la rada, na ndani ya hilo la rada wapo askari wenye muda mfupi mno wa kujibu: ile ndege ni ya nani?

Mkoa huu wetu wa Kagera unalijua swali hilo. Mwaka 1978 ndege za Idi Amin wa Uganda zilipokuja kutupiga mabomu, askari wetu walizipokea kwa makombora ya begani na kutungua baadhi yake. Katika vita hivyohivyo ndege zetu 3 ziliangushwa Musoma na walinzi wetu wenyewe. Siwalaumu. Walikuwa wanalinda nchi kwa moyo wote, na bado marubani wetu walikufa.

Kisha jioni ya Aprili 6, 1994, ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda, ikitoka Dar es Salaam, ilirushiwa makombora ikikaribia kutua Kigali. Alikufa yeye, Rais Ntaryamira wa Burundi na wote waliokuwamo. Chuki ilikuwa imepikwa nchini mwake miaka mingi kabla. Usiku uleule wauaji wakaingia kazini. Mwisho wa mwezi wakimbizi wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo ndani ya siku moja hivi wakaingia Ngara yetu. Kambi yao ya Benaco ikawa mji wa maturubai, miti ikaisha kwa kuni.

Vijana wa PCM, mawimbi mliyoyakokotoa ndiyo rada yenyewe. Wa HGL, ninyi mnajua kwa nini jirani hugeuka adui. Jeshi linawahitaji nyote kwenye gari lile moja. Kabla hamjaripoti kambini, nendeni kwa wazee wa Benaco, waulizeni walichokiona Aprili ile, na mkiandike.